Sanduku la Asali ya Saba Saba

Jumatatu, 11 Juni 1973

Siku kubwa! Nimenunua daftari hili leo kwa sababu mambo yangu sasa yanastahili kuandikwa.

Kikao cha ushirika wetu wa warina asali, hapa Mpanda mjini. Mwenyekiti, Mzee Bartolomeo, ametukumbusha aibu ya mwaka jana. Tulipeleka asali kwenye maonyesho ya Saba Saba, Dar es Salaam. Chupa ndani ya gunia, gunia ndani ya treni. Huko banda letu likaonyesha vigae na nzi. Mwenyekiti hakusema kwamba lile gunia alilifunga yeye mwenyewe. Na sisi hatukusema. Tuliangalia dari.

Mwaka huu mambo mapya. Kila mwenye akili atengeneze sanduku lake la kusafirishia chupa za asali. Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu masanduku yapelekwe stesheni, yaangushwe kutoka jukwaani mbele ya kamati, yafunguliwe. Litakalotoka na chupa nzima ndilo litakalosafiri. Na mwenye sanduku atasafiri nalo! Dar es Salaam! Kusimama bandani, kuonjesha watu asali, kupigwa picha!

Tumejitokeza wawili tu. Mimi Ubaldo, mtunza ghala. Na Marselino, mpima asali, mtu anayekohoa kabla ya kusema ili mnyamaze kwanza. Basi nimeshinda tayari. Nimemwambia mke wangu, Paskalia, ainyooshe suti ya harusi. Akauliza sanduku lenyewe liko wapi. Huyu mwanamke hupenda kuanza na mambo madogo.

Jioni nimepita kwa majirani kuaga.

Jumanne, 12 Juni

Swali la leo: chupa huvunjwa na nini hasa? Nimekaa na chupa ya bia tupu tangu asubuhi, naitazama, inanitazama. Nikaigonga kwa kijiko. Nzima. Kwa mwiko. Nzima. Nikaigonga kwa chupa mwenzake. Zote mbili kwisha! Ugunduzi! Adui wa chupa si ardhi, si treni. Adui wa chupa ni chupa. Ajabu hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Nikatia pumba za mpunga kwenye kasha la sabuni, chupa nne katikati, kila moja mbali na mwenzake, asali ndani, vizibo vya magunzi. Nikafunga kwenye keria ya baiskeli, safari ya Magamba na kurudi, nikiyafuata mashimo makusudi. Watu wa Magamba wamenipisha wakidhani sina breki. Mmoja akanipigia kelele kwamba njia nzuri iko upande ule. Nikamwambia naijua, siitaki.

Kufungua: pumba zimejishindilia chini zote, juu pamebaki uwazi, na chupa zimelaliana humo zimepasuka. Imebaki moja. Asali imechanganyika na pumba. Nikataka kujua kama inalika. Inalika, ila unatema sana.

Alhamisi, 14 Juni

Jibu limenijia nikiwa nakula. Nimebonyeza tonge la ugali, nikaona alama ya kidole imebaki vilevile. Kitu kinachoshika umbo la kidole kitashindwaje kushika umbo la chupa? Nikamwomba Paskalia asonge mwingine, wa muhogo, mgumu, ndoo nzima. Akauliza nani anakuja. Nikamjibu ni siri ya ushirika.

Ulipoanza kupoa nikachomeka chupa moja moja. Nikauacha ukauke. Ukawa tofali! Nikapanda nalo juu ya paa la ghala, nikaliachia. Puu! Kuku wamekimbia hadi kwa jirani. Nimeshuka mbio, nimebomoa kwa shoka. Nzima! Zote nzima! Nimerukaruka peke yangu pale uani.

Marselino alikuwa anapita. Akakohoa. Akauliza kwa nini natupa chakula ovyo. Nikamwambia huo si utupaji, ni utafiti. Amekohoa tena, akaenda zake.

Jumamosi, 16 Juni

Nimejiuliza: mzigo husafiri tu? Hapana. Mzigo pia hukaa. Unakaa stesheni, unakaa ghalani, unasubiri behewa. Kwa hiyo jana asubuhi nimesongewa ugali mwingine, nikazika chupa, nikaweka ghalani nione kukaa kunafanya nini.

Kunafanya mengi! Ugali umechacha, umevimba, umetoa povu. Panya wamechimba handaki hadi kwenye chupa. Wametafuna magunzi ya vizibo. Asali imetoka. Siafu wameitwa, wamekuja, na jamaa zao. Bibiana, anayepika pombe nyumba ya tatu kutoka ghalani, amekuja kwa hasira kuuliza nani mwingine amepewa kibali cha kupika. Paskalia amesema unga ulioharibika ni wangu, niumalize kwa kuula. Nimejaribu. Siafu wanauma hata wakiwa wamekufa.

Mchana nimemchungulia Marselino kwenye wigo wake. Lo, kicheko! Anafunga kila chupa kwa maganda ya mahindi, anaipanga ndani ya tenga dogo. Basi. Hakuna kingine. Hakuna utafiti, hakuna paa. Nimecheka hadi nikaushikilia wigo, ukaanguka, nikakimbia.

Jumapili, 17 Juni

Baada ya misa Padre amewaombea wasafiri wote. Nikasimama. Nilikuwa peke yangu.

Nje ya kanisa watu wamenizunguka. Romana, anayeongoza kwaya, anataka chupa ya maji ya bahari, ameambiwa yanatibu ukurutu. Mzee Polycarpe anataka nimtafute mwanawe anayefanya kazi huko Dar es Salaam, karibu na barabara. Mwingine anataka kanga, mwingine ananiuliza kama kweli bahari haina upande wa pili. Nikawajibu wote vizuri, bila haraka, jinsi msafiri anavyojibu.

Njiani Paskalia akaniuliza: Baba Getrude, usipochaguliwa je? Nikamwambia haiwezekani nisichaguliwe wakati nimeshaaga.

Humu naandika kweli tupu, hakuna anayesoma. Safari hii naitaka mpaka usiku naiota. Nina miaka arobaini na mbili. Kila wiki naipakia treni mizigo, treni haijanipakia mimi hata siku moja. Nimefika Kaliua tu, tena kwa baiskeli, tena nikapotea. Gunia la karanga la Mpanda limeuona mji kuliko mimi.

Jumanne, 19 Juni

Nta! Tunayo ghalani mapipa, na sikuwahi kuitazama! Nta haichachi, panya hawaitaki sana, na ikipoa inashika. Nikayeyusha sufuria nzima, nikazisimamisha chupa sandukuni, nikamimina. Ta! Ta! Ta! Zimepasuka zote, moja baada ya nyingine, tena kwa zamu nzuri kabisa. Nimeshangaa jinsi zilivyopangana. Kumbe kioo cha baridi hakipendi kitu cha moto. Asubuhi hizi za Juni chupa zinalala na baridi. Sufuria ya Paskalia haitoki nta. Nimeificha.

Nikaenda kukaa porini nyuma ya ghala, moyo umeshuka. Nimelala chali. Juu yangu mzinga unaning'inia mtini. Upepo unakuja, mzinga unakwenda huku. Upepo unarudi, mzinga unarudi. Mwaka mzima! Haugongi kitu, hauvunjiki.

Nimeketi ghafla. Kwa nini tunazilaza chupa? Kwa nini tunazisimamisha? Chupa zining'inizwe!

Nimekimbia hadi kwa Cletus, fundi seremala. Nimemwambia nataka sanduku refu, boriti ipite katikati juu, nipate pa kufungia kamba. Akasema anazo mbao zimeshakatwa na kupigwa randa, zilikuwa za shughuli nyingine, mgonjwa mwenyewe akapata nafuu. Nikamwambia namtakia afya njema, na mbao nazichukua.

Alhamisi, 21 Juni

Sanduku limekuja. Zuri! Refu kuliko mimi kidogo, pana mabegani, linakwenda likipungua kuelekea miguuni. Cletus amesema mkono wake umezoea hivyo. Nami naona inafaa: chupa kubwa upande mpana, ndogo upande mwembamba.

Nimening'iniza chupa kwa kamba za magome ya miti, kila moja kwa shingo yake. Nimelitikisa. Zinakwenda huku, zinarudi huku, hazigusani! Nimelala chini nikaweka sikio ubavuni. Kimya. Nimekaa hapo muda mrefu, nasikiliza kimya hicho. Sijawahi kufurahi hivi tangu Getrude azaliwe.

Jambo la mwisho: wapagazi watajuaje upande wa juu? Wengi hawasomi. Nimepaka alama kwa rangi nyeusi juu ya mfuniko. Mstari mmoja mrefu, mmoja mfupi umeukata. Alama inayoonekana kwa mbali na haina ubishi. Paskalia ameitazama, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Nikamwambia asitie neno, kazi imekwisha. Akaufunga.

Jumamosi, 23 Juni

Yalaa! Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Asubuhi nimeazima mkokoteni. Vumbi la Juni linajulikana, basi nimelifunika sanduku kwa shuka jeupe. Nimevaa suti ya harusi. Nikasukuma taratibu, uso chini, maana nilikuwa naiaga Mpanda moyoni na kidogo machozi yalinilenga.

Nilipofika sokoni, ajabu ikaanza. Mwenye baiskeli akashuka. Wanaume wakavua kofia. Redio ya muuza sukari ikazimwa. Bibiana akafunika pombe yake, akaja. Hakuna aliyeuliza kitu. Walisema pole, Ubaldo, pole sana. Nikawajibu asanteni, nitarudi, siku si nyingi. Wakatazamana, wakazidi kunihurumia.

Kisha wanaume sita wakalitoa sanduku kwenye mkokoteni wakalibeba mabegani! Sikuwaomba! Wakalibeba kwa adabu ambayo sijaona mzigo wowote ukipewa. Wakipokezana, hakuna kutikisika. Kila hatua chache anakuja mwingine, anaingiza bega, wa kwanza anatoka. Nikatembea kando, sikio karibu na ubao. Hata chupa moja haikulia. Nikawaza: kumbe ufungaji bora ni huu, kupendwa na watu.

Nani anakuja mbio kutoka upande wa ghalani? Marselino! Tenga lake mkononi. Alipotuona, akampa Mwenyekiti, aliyekuwa ameshajiunga na msafara, ashike tenga, akaja kuingiza bega mbele kabisa, machozi yanamtiririka. Hasidi wangu! Nikamsamehe yote. Romana akaanzisha wimbo, ule wa pole pole, kwaya ikapokea. Nikaona wamezidisha kidogo kwa safari ya treni. Mtu akipendwa avumilie.

Mlangoni mwa stesheni akatokea Kashinje. Huyu ni mkubwa wa wapagazi, Mnyamwezi, na sisi Wafipa ni watani wao. Akajitupa chini katikati ya njia, akalala chali. Akasema hatupiti. Akasema marehemu alimwahidi jogoo, na hazikwi mtu hapa mpaka jogoo aonekane.

Marehemu? Nikauliza marehemu gani. Kashinje akaangua kicheko, akalia kilio cha uongo, akacheka tena. Watu wakamwachia, ndiyo haki ya mtani msibani, nani atamkataza? Wakaliweka sanduku chini. Akasema huyu maiti hajui kulala, ngoja amfundishe. Nikapiga kelele. Nimechelewa. Kashinje anabeba magunia mawili kwa mkupuo, na mwenyewe ana uzito wa matatu. Akapanda juu ya mfuniko, akajinyoosha, akakunja mikono kifuani.

Kwaa!

Mfuniko ukaingia ndani na Kashinje akaingia nao. Asali ikaanza kuchuruzika pembeni, nzito, ya rangi ya chai. Mama mmoja akapiga yowe kwamba marehemu anatoka asali. Romana akazimia, au alijilaza tu, sina hakika. Na pale stesheni kuna mapipa yetu ya nta yanayosubiri behewa, nyuki hawakosi kamwe. Wakaja. Wote!

Sijaona msiba unaotawanyika hivyo. Waliolia walikuwa wa kwanza kufika sokoni. Mwenyekiti amekimbilia jukwaani, amejikwaa, tenga la Marselino likamtoka mkononi, likaanguka kutoka juu hadi kwenye reli. Marselino peke yake hakukimbia mapema. Machozi yalikuwa yamemziba macho, hakujua wenzake wamekwenda wapi. Nyuki walimkuta ameshika kichwa cha sanduku.

Baadaye Mwenyekiti amenieleza kwa sauti ya chini, ile mbaya. Kwamba sisi hapa maiti haiulizwi njiani. Ukikutana nayo unashuka, unabeba, jina utalijua mbele. Na mimi, mtu mzima, nimepita sokoni na msalaba.

Nimefanya hesabu yangu. Kutoka nyumbani hadi mlango wa stesheni, hakuna chupa iliyopata ufa. Sanduku ni zima kimawazo. Jaribio moja tu lilisahaulika: kulaliwa na mtani.

Jumapili, 24 Juni

Kamati ilifungua tenga la Marselino lililoanguka relini. Chupa zote nzima. Ndilo litakalokwenda, kwa treni ya kesho. Marselino naye.

Kanisani sikusalimiwa. Mzee Polycarpe aliacha kuvuna mpunga wake, amelia kutoka sokoni hadi stesheni kwa ajili ya chupa. Amenitazama misa nzima. Naona haya. Naona haya mpaka masikio yanawaka, wala si nyuki.

Lakini kibaya zaidi ni kesho. Treni itaondoka, na mimi nitaonekana nimebaki! Mtu aliyeaga kila nyumba! Nitapita wapi?

Nimepata mpango. Alfajiri naondoka kwenda Kakese kwa dada yangu, Marsela. Huko hakuna anayenijua sana. Paskalia atawaambia watu kwamba nilipata lori la Tabora, nikatangulia Dar es Salaam kwa shughuli zangu, ushirika au si ushirika. Nitarudi baada ya Saba Saba, nimeshiba habari.

Paskalia akauliza mara mbili. Kwa hiyo aseme nimeshaondoka? Nikamwambia aseme nimeshafika. Kwa yeyote. Hata kwa Mwenyekiti. Hata akiona mambo yamebadilika, asitikisike. Akauliza: una hakika, Baba Getrude? Nikamwambia mke mwema ni yule asiyebadilisha maneno ya mumewe. Akasema sawa.

Jumanne, 26 Juni. Kakese

Marsela ananipepetesha mpunga tangu nilipofika. Anasema mgeni wa kujificha naye anakula. Sijali. Katikati ya kupepeta naichunguza bahari.

Maji ya Romana tayari: maji ya kisimani, chumvi vijiko viwili. Nimeonja. Nimeongeza cha tatu. Sijui kama ni sawa, na hapa hakuna wa kumuuliza. Mawimbi je? Nimetikisa beseni. Yanakuja, yanarudi, yanamwagika miguuni. Nimeyaandika hivyohivyo. Mwana wa Mzee Polycarpe nitasema nilimwona kwa mbali, alikuwa kazini, amenenepa.

Alhamisi, 28 Juni. Kakese

Cletus seremala amekuja hapa kupima mlango wa jirani. Nilikuwa nimebeba ungo, sikuwahi kujificha. Aliponiona msumeno ukamdondoka. Akauliza nimerudije upesi hivi. Nikamvuta nyuma ya nyumba, nikamwapisha, ndipo akaniambia habari za Mpanda.

Uso wa Marselino uliendelea kuvimba Jumapili usiku kucha. Macho yamefumba, midomo imejaa. Mtu wa kuuza asali ya nyuki hawezi kusimamishwa bandani na uso huo. Jumatatu asubuhi Mwenyekiti akaenda mwenyewe nyumbani kwangu. Na tiketi mkononi! Akasema yaliyopita yamepita, Ubaldo anajua kuongea na watu, avae suti achukue tenga, treni inangoja.

Paskalia akamjibu kwamba nimeshafika Dar es Salaam.

Mzee akauliza mara tatu. Hakutikisika. Akasema ndivyo alivyoagizwa na mumewe na hana maneno mengine. Basi Mzee akafikiri, akafurahi. Akasema kama Ubaldo yuko huko, kazi ni kumfikishia mzigo tu, na katika watu wote wa Dar es Salaam nani atamtambua haraka kuliko mkewe?

Wakampa Paskalia tiketi.

Nimekaa juu ya mpunga. Nimemuuliza Cletus kama alimwona akipanda. Alimwona. Tenga mapajani, viatu vya kuazima, gauni la Pasaka. Nikauliza kama alikuwa analia. Akasema hapana, alikuwa dirishani anakula karanga.

Nimeumia. Siwezi kuandika nilivyoumia. Marsela aliniita kula mara mbili, nikaendelea kupepeta.

Lakini jioni nimetulia, nimepima jambo lote upande huu na upande huu, na sioni mpango wangu umeharibika wapi. Cletus ameapa, hatasema. Nitarudi Mpanda siku moja kabla ya Paskalia, nitaeleza bahari yangu kwanza, watu waizoee. Yeye atakuja na yake, na inawezekana zisilingane. Itabidi nimkalishe chini nimweleze kwa upole asinipinge mbele za watu. Mimi ndiye niliyetangulia kufika.